Treni ya TAZARA kati ya Mbeya na Dar es Salaam

Swali: Ndugu zangu, ninalima parachichi Rungwe na wateja wangu wako Dar es Salaam. Je, treni yaweza kuwa usafiri wangu wa kila mwezi badala ya basi?

Jibu: Yaweza, mradi usiwe na haraka. Ila kati ya Makambako na Mlimba usilale kukiwa mchana, kwa maana hapo reli hiyo, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inateremka kutoka nyanda za juu kupitia mahandaki na madaraja mengi hadi bonde la Kilombero, na mimi sijawahi kuchoka kuitazama.

Jibu: Nakubaliana. Stesheni ya Mbeya ipo Iyunga, nje kidogo ya katikati ya jiji, hivyo ukitoka Tukuyu, mji wa huko kwenu Rungwe, tenga muda.

Muulizaji: Ahsanteni sana, nitaanza na safari moja.