Kiongozi unaita watu kuchimba mwezi halafu hutokei: toa leja hadharani

Wakuu, hili nimekaa nalo siku nne na nimeona nikinyamaza litajirudia. Naongea na wenzangu wa EVE Online, ule mchezo wa mtandaoni wa meli za angani, hasa waliomo kwenye korpo (kikundi cha wachezaji) yetu ya Waswahili. Jina la korpo siandiki, la kiongozi pia siandiki. Waliokuwepo Jumamosi wanajua.

Kwa wasiocheza: mtambo wa Athanor unavuta pande la mwamba kutoka mwezini kwa siku 6 mpaka 56, anavyoamua aliyeuwasha. Wetu ulipangwa siku 14. Maana yake saa ya pande kufika ilikuwa inasomeka pale pale kwenye mtambo, mpaka dakika, wiki mbili nzima. Na bado kiongozi akaandika kwenye kundi: "Jumamosi saa 12 jioni, asichelewe mtu."

Saa 12 ya wapi? Saa ya mchezo ni UTC kwa dunia nzima. 18:00 ya mchezo, mwenzetu wa Bujumbura anasoma saa 2 usiku, sisi wa Dar na Nairobi saa 3, yule wa Muscat saa 4. Kiongozi aliona 18:00 kwenye skrini akaigeuza saa 12 jioni bila kufikiri. Watu wamemkumbusha suala hili kabla ya Jumamosi, si mara moja.

Basi saa 12 kasoro tukawa tumefika. Covetor yangu, Retriever mbili, zote meli za kuchimba, wengine nyuma yao, tumezunguka jiwe ambalo hata halijafika. Tukasubiri. Saa 3 usiku pande likafika. Halichimbiki mpaka lipasuliwe, na wa kulipasua ni mwenye mamlaka hayo kwenye korpo tu. Kwetu ni yeye peke yake, maana amekataa kumpa mtu mwingine. Hayupo. Tunapiga simu, inaita mpaka inakata. Pande lisipopasuliwa hupasuka lenyewe baada ya saa 3, na ndivyo ilivyokuwa: saa 6 usiku. Mke wangu alipita sebuleni mara tatu, mara ya mwisho hakusema kitu, alizima taa ya sebule akaenda kulala. Saa 6 nzima za Jumamosi yangu nimetazama jiwe.

Tukaanza kuchimba bila Orca, meli kubwa ya kuwasaidia wachimbaji. Anayejua uchimbaji anaelewa maana yake. Orca ndiyo inayofupisha mzunguko wa leza za wote na kuzirefushia umbali. Bila yake kila mtu anachimba kwa mkono mmoja. Tena tuko mfumo wa nyota wenye usalama wa 0.5, CONCORD, polisi wa mchezo, wanachelewa huko, na wakifika wanampiga aliyekupiga, wewe umeshalipuka. Hakuna aliyewekwa mlangoni kutazama wanaoingia. Hakuna aliyemwambia yule mdogo wetu mpya kwamba kwa kazi kama hii aje na Procurer, meli ya kuchimba yenye ganda gumu, asije na Retriever. Aliambiwa "njoo na chochote". Lilipoingia kundi la Catalyst, meli za wavamizi, hata hakujua anatakiwa kukimbia. Sauti yake kwenye maiki nimeisikia: "Kaka, nimekufa? Mbona polisi wamekuja sasa hivi?" Meli ile aliichangia wiki tatu. Mpaka leo hajalipwa hata nusu, na hajaingia tena mchezoni.

Kiongozi akatokea saa 7 usiku na akaunti zake tano. Hakuomba radhi. Akasema tumwage mzigo kwenye Orca yake, na tuliokwisha kuuweka Athanor tumkabidhi, atauza na kugawa. Tukampa, kwa sababu ni kiongozi na tulimwamini.

Mgao ndio umenifanya nifungue uzi huu. Tulikuwa watu 8. Amegawa kwa 12. Akaunti zake tano kila moja imehesabiwa kichwa! Orca naikubali, inastahili fungu lake hata kama haikupiga leza, kazi yake tunaijua wote. Lakini zilizochimba ni mbili tu, na mbili nyingine zilikaa kituoni tangu alipoingia mpaka alipotoka. Majina yalikuwa yanaonekana kwenye orodha ya fliti (msafara wetu), nimepiga picha ya skrini. Leja yangu binafsi, rekodi ya nilichochimba, inaonyesha uniti 16,400 za Zeolites, madini ya mwezi huo. Nimelipwa sawasawa na akaunti iliyolala kituoni.

Nilimfuata pembeni kwa heshima. Nikamwambia, mkuu, mtambo una leja yake, unaandika nani amechimba nini na kiasi gani, ifungue tu watu waone, yaishe. Jibu lake: "Kwa hiyo hamniamini?"

Mkuu, najua unasoma hapa. Swali langu halikuwa la imani. Leja ipo, wewe ndiye unayeiona, sisi hatuioni. Mwenzetu wa Muscat alikaa macho mpaka saa 10 alfajiri kwa ajili ya mwezi unaouita wa korpo. Kama ni wa kwako, sema, tuchimbe kwa ujira tujue moja.

Pande lijalo linafika Jumamosi ya wiki ijayo, 18:00 ya mchezo, saa 3 usiku Afrika Mashariki. Mimi siji mpaka mambo matatu yafanyike: leja ya Jumamosi iwekwe kwenye kundi, mdogo wetu alipwe Retriever yake kutoka kwenye mafungu ya zile akaunti mbili zilizolala, na mtu wa pili apewe mamlaka ya kupasua.

Mliokuwepo, fungueni leja zenu binafsi, tarehe ya Jumamosi na ya Jumapili kwa sababu tulivuka usiku wa UTC, mniwekee hapa idadi. Nitajumlisha mwenyewe.