Benchi lenye asili ya vidaka vya Lamu: nimekosea wapi?

SeremalaTanga

Habari zenu, mafundi na wasanifu. Mimi ni seremala wa Tanga, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa vitanda, makabati na milango. Hivi karibuni mwenye nyumba ndogo ya wageni aliniagiza benchi la ukumbini, akasisitiza kwamba lisiwe na nakshi hata moja, lakini mgeni akilitazama azikumbuke nyumba za mawe za Lamu, hasa vile vidaka vya ukutani vilivyokuwa vikiwekwa vyombo vya kauri.

Nilichukua ubao wa mninga wenye urefu wa sm 180, upana wa sm 40 na unene wa sm 4, nikausimamisha juu ya mbao mbili, na kila moja nikaitoboa tundu lenye tao kama la kidaka. Miguu hiyo niliiingiza ndani sm 40 kutoka kila mwisho ili benchi lionekane linaelea. Nilipolipeleka, mteja aliketi pembeni kabisa, upande wa pili ukanyanyuka, na nusura aanguke. Tena alipolitazama vizuri alisema linafanana na vinyago vya kuuzia watalii, na kusema kweli sikuwa na la kumjibu. Naomba ushauri kuhusu mambo yote mawili.

Msanifu_Mvita

Pole, ndugu yangu. La kupinduka lina hesabu nyepesi. Mtu akiketi pembeni, uzito wake hukusanyika kama sm 20 kutoka mwisho wa ubao, yaani sm 20 nje ya mguu wako. Akiwa na kilo 75, anasukuma chini kwa 75 × 20, ambayo ni 1,500. Tukikadiria benchi lote kuwa na kilo 24, uzito wake uko katikati, sm 50 kutoka mguu huohuo, na 24 × 50 ni 1,200 tu. Lazima lingenyanyuka. Mguu ukiuweka sm 15 kutoka mwisho, mtu atakuwa ameketi upande wa ndani na hawezi kulipindua kwa kukaa.

Hilo la vinyago ndilo gumu zaidi. Nadhani ulichukua sura ya kidaka ukaiacha sababu yake. Vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba, kwa kawaida upana wake hauzidi sana mita 3, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko na boriti ina mwisho wa urefu wake. Ufinyu huo ndio uliozaa utaratibu mzima wa nyumba, chumba nyuma ya chumba, na ukuta wa ndani kabisa ukapewa vidaka ili jicho lipate kina pale ambapo chumba chenyewe hakina nafasi ya kutoa. Kwa hiyo ningeanza na masafa mafupi. Weka mbao nne za kusimama badala ya mbili, na kati ya mguu wa kwanza na wa mwisho utapata nafasi tatu zenye sm 50 hivi kila moja. Ubao wa juu hautapinda tena, hata ukiupunguza unene hadi sm 3, na zile nafasi tatu zitakuwa vidaka bila ya kuchonga tao lolote.

Mkongwe_wa_Randa

Naunga mkono, ila nina nyongeza moja kubwa. Kidaka hakitoboki upande wa pili. Kina mgongo, na giza lililo mle ndani ndilo linalokipa uzuri. Ziba nyuma kwa ubao mmoja mrefu ulioingizwa kwenye mfereji. Bila mgongo huo, mbao nne zilizosimama zitayumba kushoto na kulia hata gundi iwe nzuri namna gani. Chini yake weka sakafu ya vidaka, uiinue sm 5 kutoka ardhini, halafu ni mbao mbili za mwisho tu ndizo zifike chini. Mwishowe utakuwa na sanduku, na sanduku halipindi kirahisi. Sakafu za zamani nazo hazijanyooka, kwa hiyo miguu minne mfululizo ingekutesa, achilia mbali maji ya kupigia deki.

Ninatofautiana kidogo na wanaodhani kwamba usahili ni kuondoa vitu tu. Mholanzi Gerrit Rietveld, msanifu wa majengo na fanicha, alianza kama seremala katika karakana ya baba yake. Kiti chake cha mwaka 1918 kinaacha mbao zipitilize pale zinapokutana, na nyumba ya Schröder aliyoisanifu mjini Utrecht, iliyofuata mwaka 1924, ina mantiki hiyohiyo ya bapa zinazopishana. Hapo fanicha ndiyo iliyoitangulia nyumba. Baadaye alitengeneza kiti cha Zig-Zag chenye mbao nne tu, lakini kwenye pembe zake alilazimika kutia kabari za pembetatu na bolti. Kinachoonekana chepesi kina kazi nzito iliyofichwa.

SeremalaTanga

Nawashukuru sana. Suala la mgongo halikunipitia akilini kabisa, na sasa naelewa kwa nini matundu yangu yalionekana kama madirisha. Mbao za kusimama nitaziunga na ubao wa juu kwa ndimi (ncha zilizochongwa kuingia kwenye matundu ya ubao) zinazopenya na kuonekana juu, au nizifiche?

Msanifu_Mvita

Ningezipenyeza. Ndimi nne zilizopangwa mstari mmoja juu ya ubao zitamwonyesha anayeketi mahali uzito unaposhukia, kama vile boriti zinavyoonekana darini. Zikate sawasawa na ubao, usiziache zikichomoza, kwani zitachana nguo.

Mkongwe_wa_Randa

Nami nasema hivyo, na usipake vanishi ya kung'aa. Mng'ao unaua kivuli. Mafuta ya kitani mara mbili, msasa laini katikati, yanatosha kwa mninga.

SeremalaTanga

Kesho nakata mfano wa kadibodi kwa kipimo cha moja kwa tano, niuweke dirishani asubuhi na jioni nione kivuli kinavyoingia ndani, ndipo niguse mbao. Mninga siku hizi haununuliki mara mbili.