Naomba ushauri: nimeletewa karatasi za mahakama kwa ajili ya deni

Ndugu zangu, ninauza unga wa mahindi hapa Lubumbashi, Kongo, katika komini (sehemu ya mji) iitwayo Kenya. Mwaka jana nilichukua mzigo wa dola 1,800 kwa mkopo kutoka kwa muuzaji wa jumla, tukaandikiana hati ya deni, kisha bei ikashuka na mzigo ukanifia mkononi.

Juzi, nilipokuwa Kasumbalesa, mjumbe wa mahakama alifika nyumbani akamwachia binti yangu karatasi tatu zenye mihuri, zote kwa Kifaransa. Niliporudi nilizikuta chini ya sahani, zimeshaingia mafuta. Zinasema nilipe dola 1,800 zote, pamoja na riba na gharama, au nipinge ndani ya siku zilizoandikwa. Lakini mimi nilikwisha kulipa dola 700, nyingi kwa simu, na ujumbe wa kila malipo ninao bado, isipokuwa dola 150 nilizompa mkononi bila risiti (ujinga wangu, nakiri).

Deni silikatai, ninachopinga ni hesabu. Je, siku zinahesabiwa tangu binti alipopokea, au tangu nilipozisoma mimi? Ujumbe wa simu unakubalika kuwa ushahidi mbele ya hakimu? Tena, kwa kuwa tangu 2012 nchi yetu imo katika OHADA (umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja), naweza kuomba kulipa kidogo kidogo bila avoka (wakili), ama nikimwendea mdai kwanza tupatane nitapitwa na muda wa kupinga?