Tupeane uzoefu: namna ya kuenenda ndani ya chumba cha mahakama

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam. Wengi wetu huingia mahakamani kwa mara ya kwanza tukiwa na hati ya wito mkononi, na hakuna aliyetueleza tuketi wapi, tusimame lini, wala tumwiteje anayeketi mbele. Naomba kila mmoja aeleze aliyoyaona, awe alikwenda kama shahidi, mdai, mshtakiwa, mdhamini au ndugu aliyekwenda kusikiliza.

Naanza na langu. Niliitwa kuwa shahidi katika shauri la madai, na lililonisaidia kuliko yote ni kuelekeza majibu yangu kwa hakimu, hata pale swali lilipotoka kwa wakili wa upande wa pili. Wakili yule alikuwa akiuliza kwa ukali, kama ilivyo kazi yake anapomdodosa shahidi. Nilipomtazama yeye nilitamani kubishana, ila nilipomgeukia hakimu nikasema "Mheshimiwa", jibu lilitoka kwa utulivu. Tena hakimu alikuwa akiandika ushahidi kwa mkono wake. Kwa hiyo nilisema sentensi moja, nikasubiri kalamu isimame, ndipo nikaendelea, maana lisiloingia katika kumbukumbu za shauri ni vigumu kulitegemea baadaye, hasa katika rufaa.

Karani Mstaafu

Nimekaa miaka mingi kwenye meza iliyo chini ya kiti cha hakimu, na naona watu wanapuuza jambo la kuwahi. Shauri linapoitwa na mdai hayupo, linaweza kufutwa; mdaiwa asipofika bila sababu, linaweza kusikilizwa upande mmoja. Fika mapema, umjulishe karani kwamba upo, kisha usiende mbali na mlango.

Hakimu au jaji anapoingia, wote husimama na kuinamisha kichwa kidogo, na hivyo hivyo anapotoka. Ukilazimika kutoka nje shauri likiendelea, inama kidogo kuelekea kiti chake, kisha utoke kimya. Heshima hiyo ni ya mahakama yenyewe, ndiyo maana hata wakili mzee kuliko jaji huitoa bila kusita.

Simu izimwe kabisa, na usipige picha wala kurekodi bila ruhusa. Zuio hili halikuanza na simu za kisasa: Uingereza ilikataza upigaji picha mahakamani kwa sheria ya mwaka 1925. Sababu yake naiunga mkono kwa moyo wote, kwani shahidi anayejua kwamba uso wake utasambazwa hawezi kusema kwa uhuru.

Mama wa Wawili

Kuhusu mavazi: nguo safi, za heshima, zisizo na maandishi ya kushabikia chochote. Si lazima ziwe za gharama. Kofia huvuliwa, isipokuwa vazi la kichwani la imani.

Ndugu wa Mshtakiwa

Mimi nataka tuwazungumzie wanaoketi kwenye mabenchi ya nyuma, kwa sababu tunaweza kumwumiza mtu wetu tukidhani tunamsaidia. Siku moja jamaa yetu alikuwa akitikisa kichwa kila shahidi wetu alipoulizwa swali, kama anayemwonyesha ajibu ndiyo au hapana. Mwendesha mashtaka alisimama akaieleza mahakama. Jamaa yetu akatolewa nje, na kuanzia hapo kila jibu la shahidi yule, hata lililokuwa kweli tupu, lilionekana kama la kufundishwa.

Jambo la pili linahusu mashahidi ambao bado hawajatoa ushahidi. Hao husubiri nje ili kila mmoja aseme anayoyajua mwenyewe, na anayetoka ndani wakati wa mapumziko kwenda kuwasimulia yaliyosemwa anaharibu ushahidi wao. Nawasihi sana, hata kama ni mama au mke wa mshtakiwa anayeuliza kwa uchungu, mwambieni asubiri.

Mkalimani

Shahidi anayetumia mkalimani azungumze kwa vifungu vifupi, wala asiniambie "mwambie hakimu kwamba"; aseme moja kwa moja, nami nitatafsiri kama alivyosema. Mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama asione haya kulisema hilo mapema. Kupewa mkalimani bila malipo ni haki yake, nayo imetajwa katika Kifungu cha 14 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966. Vilevile, "sikulielewa swali" na "sikumbuki" ni majibu kamili yanapokuwa kweli. Kubahatisha kwa kuogopa kuonekana mjinga ndiko kunakozaa ushahidi unaojipinga.

Mgeni wa Juzi

Je, hukumu ikitoka dhidi yenu, mlifanyaje?

Ndugu wa Mshtakiwa

Kwetu ilitoka hivyo. Wakili alikuwa ametuonya mapema kwamba kupiga kelele au kumtukana hakimu kunaweza kuwa kosa la kudharau mahakama, lenye adhabu yake peke yake. Wanawake wawili walilia, na hakuna aliyewakemea. Walitolewa nje taratibu na shangazi yao. Sisi tuliobaki tulisimama hadi hakimu alipotoka, kisha tukaenda na wakili masjala kuomba nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri, kwa kuwa muda wa kukata rufaa una ukomo na hatukutaka siku zipotee.