MREJESHO: Kiwanja cha maduka, Lubumbashi

Wandugu, asanteni kwa majibu. Niliuliza nichukue kipi kwa maduka 4 ya kupangisha: kiwanja cha kando ya lami karibu na soko la Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi), au kile cha ndani, kikubwa na cha bei nafuu.

Nimechagua cha ndani. Kuhesabu wapita njia dakika 15, mara 4, asubuhi, saa sita, jioni na Jumamosi, kunasaidia sana, ila tenga wanaosimama na wanaopita tu. Kando ya lami watu ni wengi, lakini taksi-basi haziruhusu mtu kusimama, na mtaro mpana hauna daraja. Cha ndani kipo kwenye kona, mita chache kutoka kituo cha pikipiki, upande ambao watu wanarudia nyumbani jioni. Ndipo wanaponunua mkate, mafuta na unga.

Hesabu ya kodi ya pango kwa mwaka ifanyeni kwa miezi 10, si 12, kwa sababu kuna miezi mlango (duka moja) hukaa bila mpangaji. Mfano: milango 4 × dola 150 kwa mwezi × miezi 10 ni dola 6,000. Gharama yote ikiwa dola 60,000, pango hilo ni asilimia 10 yake kwa mwaka, kabla ya kodi za serikali na matengenezo.

Karatasi kwanza! Kwa sheria ya ardhi ya Kongo (DRC) ya 20 Julai 1973, haki inathibitishwa na cheti cha usajili. Fishi ya kiwanja (karatasi ya mtaa au komini inayoeleza kiwanja) haitoshi. Muulizeni msajili wa hati kama kuna rehani au pingamizi, na mpimaji wa kadasta (ofisi ya vipimo vya viwanja) apime mipaka upya kabla ya malipo.

Kilichobaki kwangu ni kuta za msingi: alama ya maji ya masika kwenye kiwanja imefika sentimita 40 juu ya ardhi, kwa hiyo sakafu itapandishwa hadi sentimita 60.