Andiko la kubadilisha kozi limerudishwa idarani mara mbili. Bodi ya kitivo inataka nini hasa?

MsaidiziWaTakwimu

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni mhadhiri msaidizi kwenye chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, jina nalihifadhi. Mwaka jana mkuu wa idara alinikabidhi kozi ya takwimu ya mwaka wa pili, akaniambia "ihuishe". Nikaihuisha kweli kweli. Ilikuwa ya krediti 8, nimeipeleka 12. Programu ya kompyuta ya takwimu iitwayo SPSS nimeitoa, nimeweka nyingine iitwayo R. Nimeongeza mazoezi ya maabara kila wiki.

Idara ilipitisha ndani ya dakika kumi, wenzangu wakanipongeza. Bodi ya kitivo ikarudisha. Nikanyoosha lugha, nikapanga upya orodha ya vitabu, nikapeleka tena. Imerudi tena. Kwenye kumbukumbu za kikao kuna mstari mmoja tu: "Bodi iliagiza waraka urejeshwe idarani kwa maboresho."

Maboresho gani? Hakuna aliyesema R ni mbaya. R ni ya bure na SPSS inalipiwa leseni, nilidhani kwa hilo tu wangenishukuru. Kuna mtu ananichimba, au mimi ndiye sijui ninachofanya? Shikamooni.

Mzigo_Mzito

Kijana, hiyo ni vita ya vipindi. Krediti zikiongezeka kwako zinapungua kwa mtu, na huyo mtu yumo kwenye bodi. Mengine ni mapambo. Tafuta ni nani, mnywe naye chai.

BiKatibu

Marahaba, mdogo wangu. Nimekuwa katibu wa kamati ya mitaala ya kitivo kwa miaka tisa, na mstari huo ulioununia nimeuandika kwa mkono wangu mara nyingi sana. (Chuo tofauti na chako, usianze kunitafuta.) Ngoja nikufasirie. "Urejeshwe" si "ukataliwe". Waraka uliokataliwa tunauandikia "Bodi haikuridhia". Ukiona "urejeshwe", jua kuna swali liliulizwa mezani na aliyekuwepo kukuwakilisha akawa anapekua makaratasi.

Kikao chenyewe kiko hivi. Saa nane mchana, wajumbe ishirini na kitu, kabrasha la kurasa mia mbili ambalo wengi wamelifungua asubuhi ileile. Matokeo ya mitihani yameshakula saa mbili za kwanza. Waraka wako ni ajenda ya kumi na moja na sambusa zimeshapita. Hakuna atakayefika ukurasa ulikoeleza uzuri wa R. Wanachokitafuta wale watu ni kitu kimoja: mabadiliko yako yanamgusa nani mwingine?

Anza na hizo krediti. Kwa mfumo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za mwanafunzi kujifunza, na hapo yamo yote: mihadhara, semina, vitendo, kujisomea, mpaka kuufanya mtihani. Kutoka 8 kwenda 12 umemwongezea mwanafunzi saa 40. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360 kwa uchache, yaani 120 kwa mwaka, 60 kwa muhula. Kila bodi ina mjumbe mmoja, aghalabu mtu wa uhasibu, anayekuja na kikokotoo. Huyo hasomi maneno. Anajumlisha muhula wako, anapata 64, anaweka kalamu chini: "Mwenyekiti, hizi nne zinatoka wapi?" Chuo chako huenda kinaruhusu muhula uzidi kidogo, lakini hilo uandike mwenyewe, lionekane umeliona. Likigunduliwa na mwingine, umekwisha.

Halafu, kozi hiyo ni ya wanafunzi wa idara yako peke yao? Takwimu ya mwaka wa pili, naapa hapana. Barua za idara nyingine ziko wapi? Ndugu yetu Mzigo_Mzito hajakosea sana, vita ya vipindi ipo, nimeiamulia mara nyingi. Ila mkuu wa idara aliyeulizwa mapema hulalamika ofisini kwake. Asiyeulizwa hulalamika kikaoni, na hapo hoja yake inakuwa ya haki.

Na wale wa zamani je? Mwanafunzi aliyefeli kozi ya krediti 8 mwaka jana, mwakani anarudi kulipa kerio yake, yaani kozi aliyobeba baada ya kufeli, akute kozi ya krediti 12. Anafanya ipi? Anahesabiwa ngapi? Hapa nina dhambi yangu. Mwaka wangu wa kwanza wa ukatibu nilipitisha mtaala ambao idara ilichukua namba ya kozi iliyofutwa ikaipa kozi mpya kabisa. Nilikagua tahajia, nikakagua kurasa, hilo sikuliona. Miaka mitatu baadaye akaja mhitimu na transkripti yake, mwajiri anamwuliza mbona mwenzake ana namba ileile na jina lingine la somo. Nilikaa na watu wa usajili siku mbili kuandika barua za maelezo. Tangu siku hiyo namba ya kozi ndicho kitu cha kwanza ninachotazama. Kozi ikibadilika jina na maudhui, iombee namba mpya, ile ya zamani izikwe.

Jambo jingine dogo: mtaala mzima wa programu yenu ulihuishwa lini? Tangu HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, uanze mwaka 2021, vyuo vya umma vimehuisha mitaala kwa mkupuo. Kama wenu ulipita juzijuzi, bodi itakuuliza kwa nini hili halikuingia pamoja na mengine. Uwe na jibu la sentensi mbili.

Weka hapa darasa lako lina watu wangapi na maabara ina kompyuta ngapi. Zinazowaka.

MsaidiziWaTakwimu

Dada, umenivua nguo hadharani. Darasa lina watu 310. Kompyuta 40, zinazowaka 34. Nimebandika na matokeo tarajiwa niliyoandika: "Mwishoni mwa kozi mwanafunzi ataelewa misingi ya urejeleo wa kitakwimu (regression) na kuthamini matumizi ya R."

BiKatibu

Sasa piga hesabu nami. 310 ukigawa kwa 34 unapata makundi 10. Saa mbilimbili kila kundi, hiyo ni saa 20 kwa wiki kwenye maabara moja, na sijui nani mwingine anaitumia. Nani anasimamia hayo makundi 10? Ni wewe peke yako? Ukienda likizo ya masomo ya uzamivu, maana wahadhiri wasaidizi wote mnaenda, nani anabaki anaijua R? Bodi haiwezi kupitisha kozi inayopanda ndege na mwalimu wake.

Na "ataelewa" ondoa, na "kuthamini" vilevile. Kuelewa kwa mtu 310 utakupimaje?

Amidi_Mstaafu_Eldoret

Niko upande wa Kenya. Kwetu ngazi ni zilezile, majina tu: idara, bodi ya kitivo, kamati ya maamidi (wakuu wa vitivo), kisha Seneti, kikao cha juu cha taaluma chuoni. Programu mpya ndiyo inayoendelea mpaka CUE, ile tume iliyowekwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Nimekalia kiti cha mbele kwa muda, nakubaliana na Bi Katibu, niongeze hili tu: ukurasa wa kwanza wa waraka wako uwe jedwali la safu tatu. Kilichopo, kinachopendekezwa, sababu. Basi. Walimu vijana hutuletea muhtasari mpya wa kozi bila ule wa zamani, wakidhani tunaukumbuka. Hatuukumbuki. Mjumbe asiyeona tofauti kwa macho yake huogopa, na akiogopa hurudisha.

Mzigo_Mzito

Bado nasema mnywe chai.

MsaidiziWaTakwimu

Mrejesho, wakuu, baada ya wiki tatu.

Nimekunywa chai, Mzigo_Mzito, na alikuwa mkuu wa Idara ya Uchumi. Kumbe wanafunzi wake 90 wako kwenye darasa langu, na yeye habari za krediti 12 alizisikia kikaoni, mara zote mbili. Hana ugomvi na R hata kidogo. Tatizo lake ni kwamba muhula ule wa watu wake umeshafika 60, angelazimika kufuta kozi yake moja ya hiari. Nimerudisha krediti 8. Imeniuma, kwa sababu mada nimezipunguza kutoka 13 hadi 9, na mbili kati ya zile nne ndizo nilizozipenda kuliko zote. Ameniandikia barua ya kuridhia palepale.

Maabara itakuwa wiki moja kundi hili, wiki inayofuata kundi lile. Mwenzangu mmoja idarani amekubali kujifunza R nami likizo hii, na jina lake nimeliandika kwenye waraka. Wenye kerio wanafanya mtihani wa kozi ya zamani kwa miaka miwili, kisha basi. Namba mpya nimeiomba.

Sasa swali la mwisho: kikaoni nani anasimama kuuwasilisha, mimi au mkuu wa idara?

BiKatibu

Mkuu wa idara ndiye mjumbe, yeye ndiye anauwasilisha. Lakini mwombe amwandikie katibu uingie kama mwalikwa kwa ajenda hiyo. Utakaa nje kwenye benchi saa mbili, beba kitu cha kusoma. Ukiitwa, jibu ulichoulizwa tu, usitoe mhadhara wa R. Krediti hazijaguswa, kwa hiyo kwetu waraka kama huo ungeishia Seneti, usingekwenda TCU. Waulize watu wenu wa udhibiti ubora kama nanyi mko hivyo.

Na nimeufungua waraka mpya uliobandika. Ukurasa wa pili, matokeo ya tatu, bado umeandika "kuthamini".