Mwenye bajeti ndogo: CPU ya ofisini ya mtumba au vipuri vipya?

Mleta mada

Wakuu, kijana yeyote akiuliza aanzie wapi kujenga kompyuta ya gemu kwa fedha ya kuungaunga, anapewa jibu lilelile: tafuta CPU (kasha zima la kompyuta) ya Dell OptiPlex iliyotoka maofisini Ulaya, chomeka kadi ya picha ya GTX 1650, kazi kwisha. Mimi nasema ushauri huo sasa unawapoteza watu. Nipingeni kwa hoja.

Tuanze na pawa saplai, maana ndiyo isiyoulizwa dukani. OptiPlex 9020, ile ya mnara, ina wati 290, na plagi inayoingia kwenye ubao mama ni ya Dell wenyewe, pini nane badala ya 24 za kawaida. Ukinunua pawa saplai nyingine haiingii bila adapta. Ndiyo sababu wote wanaishia kwenye kadi za wati 75 zinazokula umeme wa sloti tu. Siku ukitamani kadi ya RX 580, yenye wati 185 na waya wake wa umeme, umekwama. Ukichukua ile CPU nyembamba ndiyo balaa zaidi: kadi ya kimo cha kawaida haitoshi ndani.

Kisha prosesa. Core i5-4590 inayokuja na 9020 ni ya 2014, kizazi cha nne, viini vinne. Gemu la mpira la EA Sports FC 24 lilitaja i5-6600K kuwa kiwango cha chini kabisa. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Gemu la Battlefield 6 halichezeki bila TPM 2.0 na Secure Boot, kinga ya wakati wa kuwasha kompyuta.

Pendekezo langu: prosesa ya Ryzen 5 5600G yenye picha zake ndani, ubao mama wa B450 au B550 (soketi ya AM4), RAM vipande viwili vya GB 8 na pawa saplai ya kampuni inayoeleweka. Viwe viwili kweli, kwa sababu picha za prosesa hiyo zinategemea RAM hiyohiyo, na kipande kimoja kinaikaba koo. Kadi atanunua akijaliwa. Nawasilisha.

Fundi wa Kariakoo

Mkuu, RAM mpya umeiulizia bei karibuni? Tangu mwishoni mwa 2025 viwanda vinapeleka kumbukumbu kwenye vituo vya data vya akili bandia. Micron walitangaza Desemba hiyo kwamba wanaachana na Crucial, jina lao la RAM ambalo wengi wetu tulikuwa tunalikimbilia. CPU ya mtumba inakuja na RAM, diski, kasha na mara nyingi leseni ya Windows. Hesabu vitu hivyo kimojakimoja vikiwa vipya uone kama fedha ya kijana wako itabaki.

Halafu unapigana na kizazi cha nne, hupigani na mtumba. OptiPlex 7060 na EliteDesk 800 G4 zipo: i5-8500, viini sita, TPM 2.0, Windows 11 bila ujanja. Weka RTX 3050 ya GB 6, ile ya wati 70 iliyotoka 2024, haihitaji waya. Ila msidanganywe na RX 6400 kwa sababu ni ndogo na haili umeme. Ina njia nne tu za PCIe (sloti ya kadi), na kwenye ubao wa PCIe 3.0 inapoteza kasi.

Mkazi wa Mwanza

Mnahangaika bure. PS4 ya mtumba, pedi mbili, washkaji sebuleni.

Mwanafunzi

Na ripoti ya chuo niandikie kwenye pedi?

Mnunuzi

Ongezeni tahadhari kuhusu hizo RX 580. Nyingi zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum mpaka Septemba 2022, mfumo ulipobadilishwa, kisha zikamwagwa sokoni. Tena kuna zinazoitwa 2048SP: zinauzwa kwa jina la RX 580 lakini ndani ni sawa na RX 570. Fungua GPU-Z, programu inayosoma kadi, hapohapo dukani. Ikisoma viini 2304 ndiyo yenyewe. Kisha iwashie FurMark, programu ya kuikamua kadi, dakika kumi na tano ukiangalia joto. Muuzaji akikataa, ondoka, hata akikuita bosi.

Mleta mada

Fundi, kizazi cha nane nakipokea, lakini kijana anayeingia dukani hapewi hicho. Anauziwa "Core i5" kwa jina tu, na i5 ya 2012 nayo ni i5. Anayewashauri aandike namba yote. Na hiyo 7060 pawa saplai yake ni wati 260, bado ya Dell, kwa hiyo ukishaweka RTX 3050 ndiyo mwisho wa safari yake. Ubao wa AM4 unaniruhusu kuanza na 5600G leo na kuweka prosesa ya 5700X3D au kadi kubwa mwakani bila kutupa kasha.

Mwenye 7060 na RTX 3050 aweke fremu kwa sekunde anazopata kwenye FC akicheza mwenyewe, zisiwe za YouTube. Ataje na RAM aliyonayo.